Mashine Mnayoisubiri Makwasinyi

Leeds, Uingereza
Jumapili, Novemba 1996

Kwa kaka yangu Mwakio,

Pokea salamu zangu, wewe na wote waliomo nyumbani. Natumaini goti la mama limepata nafuu, na kwamba wifi na watoto hawajambo. Mimi mwili wangu ni mzima. Moyo ndio umechafuka, na wewe unahusika, kwa hivyo keti chini usome polepole. Najua wewe ndiye unayemsomea mama barua zangu, na najua unaruka mistari usiyoipenda, maana mama huniuliza mambo niliyokwisha kumweleza. Hii usiruke hata neno moja.

Alhamisi nilipata barua ya mdogo wetu Saru. Nilipoona bahasha nilidhani imeandikwa na mtoto wa darasa la pili, herufi zimelala huku na huku, mstari unapanda na kushuka. Saru, ambaye mwandiko wake unatushinda sisi wote wawili, hata wewe mwalimu. Nilisoma mpaka ukurasa wa pili ndipo akanieleza, kama mtu anayetaja jambo dogo tu, kwamba ameandika kwa mkono wa kushoto kwa sababu wa kulia umeungua. Alianguka akisonga kimanga cha jioni, mkono ukaingia katikati ya mafiga, na jikoni hapakuwa na mtu wa kumtoa. Hakulalamika. Aliniomba radhi kwa ule mwandiko.

Kaka, mdogo wetu alikuwa amekaa miaka mitatu bila kuanguka. Alikuwa ameanza cherehani, alikuwa anashika mkasi, alikuwa hata amesahau kuogopa moto. Nikawa najiuliza vidonge vyake vya kifafa vimeenda wapi, mpaka nikafika mahali alipoandika: "Kaka alisema tuache vidonge ili kichwa kiwe safi mashine yenu ikifika."

Mstari huo niliusoma nimesimama kwenye ngazi za hosteli. Sikupanda chumbani. Nilienda moja kwa moja kwenye kibanda cha simu nikapiga Voi, kwa Mama Zuhura, yule wa duka la vitambaa aliyekuwa jirani yetu baba alipofanya kazi reli. Nilitaka mtu aniambie si kweli.

"Mwanangu Wakesho, yule dereva wa lori la kwenu nimempa ujumbe mara mbili," Mama Zuhura akasema. "Nimemwambia kaka yako amlete mtoto hospitali, na kama amechoka kupanga foleni mimi mwenyewe nitafuatana naye."

"Alijibu nini?"

"Alijibu kwamba Wazungu wako wanaleta mashine, na kwamba vidonge vyamfanya mtoto asinzie. Basi nikanyamaa. Mimi ni nani hata nibishane na karatasi ya Ulaya?"

Sasa hiyo karatasi ya Ulaya ndiyo nataka tuizungumze, wewe na mimi.

Unakumbuka nilikuandikia kwamba sisi tunaosomea biashara, mwaka wa tatu tunatolewa darasani tukafanye kazi kwa mwaka mzima, tena ya mshahara. Wenzangu wengi walipelekwa kwenye mabenki na maduka makubwa. Mimi niliomba mwenyewe, kwa ajili ya Saru, nipelekwe kwenye kampuni changa ya mambo ya ubongo. Usidhani ni jumba kubwa. Ni vyumba vitatu juu ya duka la mazulia, na madaktari wawili walioacha kufundisha chuoni ili waunde mashine ya kusoma umeme wa ubongo. Ubongo wanaujua kweli, lakini kuuza hawajui hata kuuza mayai, ndiyo maana wanachukua wanafunzi wa biashara kama mimi na kijana mmoja anayeitwa Colin. Nilipopokea mshahara wangu wa kwanza nilitembea barabarani kama mtu aliyechaguliwa diwani.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuandika ile brosha mliyo nayo. Inaandikwa kwa ajili ya matajiri, ili watie pesa zao katika kampuni. Darasani tulifundishwa kwamba tajiri hatoi pesa kwa kitu cha huenda, mwandikie kama kwamba kitu kiko mezani anakiona. Daktari Alan, ambaye ndiye mkubwa wangu, alinipa kurasa nne zilizojaa "tunatumaini" na "inawezekana" na "utafiti zaidi unahitajika". Nikaketi nikayatoa yote. Mahali pake nikaandika: "Kofia hii inazuia kifafa kabla hakijamwangusha mgonjwa." Daktari Alan alisoma, akacheka, akasema nina kipaji. Nikavimba kichwa. Nikachukua nakala moja, ile ya karatasi inayong'aa, nikaandika tafsiri yake kwa kalamu pembeni, nikawatumia nyumbani ili mama asikie binti yake anafanya nini huku.

Kwa hivyo elewa, kaka. Maneno uliyosimama kanisani kuyasoma baada ya ibada, watu wakapiga makofi, ni yangu. Hakuna daktari aliyeyaandika. Niliyaandika mimi, mdogo wako uliyemfundisha baiskeli akaigonga kwenye ua wa mbuzi wa baba mdogo, nikiwa na kikombe cha chai mkononi, nikitaka kusifiwa kazini. Yangekuwa yametoka kwangu kwa mdomo ungesema Wakesho anatia chumvi. Kwa sababu yamepigwa chapa na yana picha ya rangi, ukayaamini kuliko kadi ya hospitali iliyomsaidia dada yako miaka mitatu.

Na mashine yenyewe nikueleze ilivyo. Ni kofia ya mpira yenye nyaya. Nyaya hizo zinaingia kwenye kabati lenye ukubwa wa friji, na kabati hilo linataka stima. Makwasinyi stima iko wapi, mwalimu wa sayansi? Hukujiuliza hata siku moja itachomekwa wapi? Wala haizuii chochote. Inachora mistari kwenye kompyuta. Mgonjwa akianguka, inachora kwamba ameanguka. Hilo mama angekuambia bila nyaya.

Najua ni kwa nini uliipenda ile karatasi. Tangu baba afariki ni wewe unayeshuka Voi kila mwezi kuchukua vidonge, unadandia lori alfajiri, unavunjwa mgongo mpaka Maungu kwenye lami, unapanga foleni, unarudi na vumbi mpaka kwenye meno. Sikatai, umebeba mzigo huo peke yako na sikuwahi kukushukuru inavyofaa. Lakini barua yako ya Septemba uliniandikia, "Siku hizi tumepumzika na safari za Voi," na mimi mjinga nikadhani dawa zimeanza kupatikana karibu. Umepumzika wewe. Na najua pia unaona haya Saru anaposinzia kwenye benchi la mbele na wewe ni katibu wa kanisa. Mwache asinzie. Akorome hata. Mtu anayesinzia ana mikono miwili.

Ijumaa nilimfuata Daktari Alan ofisini. Nilimwambia ule mstari kwenye brosha si kweli na lazima utolewe.

"Wakesho, hii ni kwa wawekezaji," akasema. "Hakuna mgonjwa atakayeacha dawa kwa sababu ya brosha."

"Mdogo wangu ameacha."

Akavua miwani, akasema pole, na nadhani ilitoka moyoni. Kisha akasema wageni wanakuja Jumatano, brosha zimeshachapwa, tutabadilisha baada ya hapo. Nikamwambia baada ya hapo hapana, ni sasa. Akanikumbusha, kwa sauti ya upole kabisa, kwamba ripoti yangu ya mwaka ataiandika yeye. Upole wake ndio ulionimaliza. Nilitoka, nikaenda kwenye chumba tunachoweka makaratasi, nikafungua maboksi, nikachukua kalamu ya wino mzito nikaanza kuufuta ule mstari, brosha moja baada ya nyingine. Colin akaja akaniuliza nina wazimu gani. Nikamweleza habari za mkono wa Saru. Alivuta kiti akatafuta kalamu yake. Daktari Alan alipita mlangoni akatuangalia, akarudi ofisini akafunga mlango. Kesho Jumatatu ndiyo nitajua kama bado nina kazi. Nikifukuzwa nitarudia mwaka, na chuo kisipotaka nitarudi nyumbani tulime pojo, nimeshalikubali hilo.

Daktari Helen, mwenzake Daktari Alan, ndiye aliyenieleza jambo lililonifanya nishindwe kula, na ndilo sababu ya barua hii. Anasema mtu wa kifafa akiacha vidonge ghafla, ugonjwa hurudi na nguvu kuliko mwanzo. Anaweza kuanguka, na kabla hajazinduka aanguke tena, na tena, na hivyo ndivyo watu hufa. Mkono umeungua, lakini siyo mkono ninaouogopa. Hakuna anayejua Saru ataanguka lini tena, na ataanguka mara ngapi.

Basi fanya ninavyokuambia. Siku utakayopata barua hii usingoje Jumamosi wala mwisho wa muhula. Mchukue Saru na kadi yake, shukeni na lori la kwanza mpaka Voi, umpeleke hospitali. Usimpe vidonge vilivyobaki kwenye kopo kwa kukisia, daktari ndiye ataamua aanze na vingapi, na huo mkono nao utazamwe. Mama Zuhura atawangoja na mtalala kwake. Kama shule itakulaumu kwa kutoomba ruhusa, waambie mimi ndiye nimekulazimisha. Na barua hii nimeiandika mara mbili. Nakala ya pili nimemtumia Mama Zuhura, na amenipa neno lake kwa simu kwamba usipotokea dukani, atapanda lori mwenyewe aje amsomee mama. Unamjua, atakuja.

Kuna jambo lingine. Saru anasema mama mmoja wa Bungule alikuja nyumbani umwandike mwanawe kwenye orodha ya watakaopimwa. Kaka, kuna orodha? Umeketi na kalamu ukaandika majina ya watu? Nenda kwa kila mtu uliyemwandika, mlango kwa mlango, umuulize kama naye ameacha dawa. Na Jumapili simama kanisani uwaambie mashine haipo. Usinifunike. Usiseme imechelewa bandarini, usiseme Wazungu wamebadilisha nia. Sema Wakesho alidanganya. Jina langu litapona lenyewe au lisipone, hilo niachie mimi.

Nisalimie wifi, mwambie sina neno naye, najua alikukataza na hukumsikia. Nisalimie baba mdogo, anayelinda mahindi yetu dhidi ya ndovu. Huku kunanyesha siku tano mfululizo na hakuna anayefurahi, ningeweza ningemtumia mawingu. Nisalimie mwalimu wa cherehani wa Saru, mwambie asimpe mtu mwingine nafasi yake. Na mama umwambie kwamba nampenda, na kwamba makosa ni yangu na yako, yeye asijilaumu kwa kutii watoto aliowasomesha.

Nilitaka kuishia hapo. Lakini sijakuambia alichoandika Saru mwishoni, na ni lazima ukijue kwa sababu wewe unamwona kila siku na hujamuuliza. Unadhani ni joto lililomfanya anyoe. Nywele zake zote, zile alizokuwa akishinda Jumamosi nzima akisukwa, amezinyoa. Anasema aliona kwenye picha nyaya zinabandikwa kichwani, akafikiri nywele zitawapotezea wakati wataalamu. Kila zikianza kuota anamwomba wifi amnyoe tena. Halafu, kwa mkono wake wa kushoto, akaniuliza, "Dada, itafika kabla ya Krismasi?"

Sijamjibu. Nimejaribu mara nne. Mjibu wewe, mkiwa njiani kwenda Voi.

Ni mimi mdogo wako, niliyeuandika ule uongo,

Wakesho