Yule Mama wa Kwenye Gemu Anayedai Shikamoo

Kwako Adelina, mwanangu wa kwanza, huko Dar es Salaam uliko,

Hapa Lusahunga tu wazima na sufuria liko jikoni. Barua hii nimeiacha wazi, asome anayetaka, maana nimechoka kusimulia mtu mmoja mmoja. Kila lori linaloelekea Rusumo likisimama hapa, dereva akishanawa tu mikono ninamwambia, "Unawajua wanaotengeneza gemu za kwenye simu? Basi mmoja ni mwanangu." Wengine siku hizi wanaondoka hawajamaliza chai.

Shule yangu iliishia darasa la saba, lakini kazi yako naieleza vizuri tu. Nawaambia hivi: kwenye gemu za zamani mtu wa mle ndani amekaririshwa maneno machache, umuulize hili au lile, anarudia yale yale. Watu wa Adelina wamewekewa akili mnemba. Unamwandikia lolote, anakujibu lake, na ukirudi kesho anakumbuka mlichoongea. Kwa hiyo hadithi ninayoipata mimi siyo utakayoipata wewe. Mama Shija wa pale kwenye vocha akaniuliza, "Sasa hao watu wanaishi wapi?" Nikamjibu, "Wanaishi kwa mwanangu."

Unaikumbuka likizo ile ulipokaa na mimi jikoni, simu yako juu ya gunia la mkaa, unarekodi ninavyoongea na madereva? Wakaanza kunitania, "Mama Adelina, leo umeajiri karani?" Nikawaambia kaeni vizuri, mnaingia kwenye gemu. Ulikuwa umeshanisimulia mchezo wenyewe: lori limeharibika njia panda, limebeba dawa za hospitali ya ng'ambo ya Kabanga, na dereva hamjui mtu. Anayemjua fundi ni mama ntilie mmoja tu. Mama huyo nikawa mimi.

Uliponionyesha mara ya kwanza sikumpenda. Dereva kafika, kauliza fundi yuko wapi, na yule mama kamwaga yote hapo hapo, mpaka rangi ya geti la fundi. Nikakuambia, "Huyu hana sufuria motoni? Mgeni hajasalimia, hajakaa, na yeye keshamaliza maneno yote." Ulicheka mpaka ukashika ukuta.

Halafu ukanikumbusha Kabanga. Ulikuwa mdogo, tumetoka kuuza maharage, ukanichomoka mkononi ukamvaa mzee mmoja pale stendi: "Gari la Ngara liko wapi?" Mzee akatazama upande wa Burundi kama hajasikia kitu. Ukarudia kwa sauti, akaanza kufunga kamba ya kiatu. Nikakufinya, nikakuambia uanze upya. "Shikamoo babu." Akageuka uso wote unacheka. "Marahaba, mjukuu wangu. La Ngara limeondoka, ila lile jeupe linapakia, mwambie konda nimekutuma mimi." Na ndizi akakupa. Ukaila yote njiani bila kunimegea.

Basi ukamrekebisha yule mama. Asiyesalimia, yeye anakoroga sufuria tu. Anayesalimia anaambiwa akae, anaulizwa kama amekula, ndipo habari zinakuja. Na kila anayekaa anapata habari zake, kutokana na alivyoongea.

Kisha ukanipigia ile simu. Sauti yako haikuwa yako. Wenye ofisi waliotaka kuichukua gemu wamesema mama anachelewesha watu, salamu iondolewe, la sivyo hawaitaki. Kazi yote ile, na baba yako mdogo wa Rulenge alishasema mchezo wa simu haujengi nyumba. Mimi nikaogopa, mwanangu. Nikakuambia, "Iondoe. Mimi sitanuna. Wape wanachotaka." Ukasema, "Nikiiondoa, mama, huyo si wewe tena. Ni kibao cha barabarani."

Mimi niliyekufinya Kabanga ndiye niliyelegea, na wewe uliyefinywa ukakaza. Hilo ndilo ninalojivunia kuliko gemu yenyewe.

Siku ya kuwaonyesha ulinisimulia yote. Mmoja akaandika, "Fundi yuko wapi?" Mama akakoroga. Akaandika tena kwa herufi kubwa, mama akaonja chumvi. Wewe umeshika kiti chini ya meza. Mpaka mama mmoja mtu mzima kati ya hao wa ofisi akaivuta simu kwake, akaandika, "Shikamoo mama, pole na kazi." Wakaongea wale wawili, fundi akasahaulika kabisa, wenzake wakabaki kumsubiri arudishe simu. Alipoirudisha alisema, "Huyu msimguse." Gemu ikachukuliwa na salamu yake ndani.

Sasa sikia la juzi. Mama Shija kaiweka kwenye simu yake, kaniletea saa ya chakula cha mchana, wateja wamejaa. Nikamtazama yule mama, kitenge kama changu. Nikasubiri aniamkie. Yeye akakoroga. Nikasubiri. Akakoroga.

"Mwamkie basi," Mama Shija akasema.

"Nimwamkie nani? Huyu katengenezwa na mwanangu, ni mjukuu wangu huyu. Aanze yeye."

Dereva mmoja akapiga meza, "Jamani, wali wangu unasubiri bibi na mjukuu wapatane?" Jiko zima likacheka. Nikashindwa, nikaandika: Shikamoo.

Akajibu: "Marahaba, mwanangu. Karibu ukae. Umekula?"

Adelina, swali hilo mimi ndiye ninayewauliza wote wanaopita barabara hii. Tangu bibi yako aondoke, sikumbuki aliyeniuliza mimi. Nikamwandikia kwamba bado. Akaniambia nikae nile kwanza, mengine yatakuja. Nikaweka mwiko chini, nikajipakulia ndizi na maharage, nikakaa katikati ya wateja wangu nikala, na hakuna aliyenidai chakula mpaka nilipomaliza. Kisha nikainuka nikawaambia, "Mmeona alivyolelewa? Aliyemlea nimemlea mimi."

Haya, mwanangu, foleni ya malori imeanza, niwahi moto. Ila nami nakuuliza, na usinijibu mbio mbio kama mtu wa ofisini: umekula?

Ni mimi mama yako, yule wa sufuria la kweli.