Usiiuze Mashine ya Viini Vinane

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Nakuomba uipokee shikamoo hii ukiwa umekaa, maana nakujua, barua huwa unazisoma umesimama mlangoni na miwani mkononi. Mgongo unaendeleaje? Na Mama, goti lake limetulia au bado linatabiri mvua? Mimi mwili ni mzima kabisa. Moyo ndio una mambo yake, na nitayaeleza huko mbele nikishapata ujasiri.

Kazi inaendelea. Chumba chetu kina meza kumi na mbili na madirisha yasiyofunguka, na siku nzima tunapokea simu za watu ambao kompyuta zao zimewagomea. Mimi naitwa Meza ya Tatu. Mkuu wetu, mwaka wa nne huu, hajawahi kuniita jina jingine. Jana mteja mmoja, mtu mzima, alikohoa kabla ya kueleza shida yake. Akakohoa vilevile kama wewe, mara mbili halafu kimya kidogo, nikaiweka simu mezani. Ikabidi mwenzangu wa meza ya jirani aipokee ile simu. Nimekukumbuka, Baba, mpaka naona aibu kwa umri wangu huu.

Mama ameniambia kwamba kompyuta mpya umeshaichomoa na kuirudisha kwenye boksi lake, na kwamba mfamasia anakuja kuichukua Jumamosi. Ameniambia pia kwamba ukishaiuza unafunga studio. Miaka ishirini na sita ya kupiga video za harusi na mahafali ya watu, basi, imekwisha hivyo. Ndiyo maana nimempa barua hii huyo mwenzangu, anakuja huko likizo, akukabidhi mkononi kabla ya siku hiyo. Wiki hii nimekupigia simu mara mbili ili nikueleze, na zote mbili nimeishia kuuliza habari za mvua.

Unakumbuka mwaka jana uliniuliza kama hivi viini vingi ndani ya prosesa, ule ubongo wa kompyuta, vina faida kweli, au ni maneno ya wauzaji tu. Ile ya zamani ilikuwa na viini viwili, na muuzaji alikuwa anakusifia ya vinane. Mama naye akadakia kuuliza kama vinane vitakula umeme mara nne. Nilikujibu kwamba viini ni kama wafanyakazi, na inategemea kazi. Ukiwapa watu wanane gunia la viazi wamenye, watamaliza upesi. Ukiwapa yai moja walichemshe, mmoja atachemsha na saba watasimama kulitazama. Mtu wa kuandika barua na kusoma habari hataona tofauti kubwa. Lakini wewe unakata vipande mia vya video na kuvishona kuwa kitu kimoja, na kazi hiyo kompyuta huweza kuigawa. Kidole kimoja hakivunji chawa. Nilikuambia ununue, na yale maneno nayasimamia hadi leo.

Ukanunua. Wiki ya kwanza harusi nzima ilikuwa tayari kabla hujamaliza chai yako. Ukanitumia ujumbe mmoja: mashine nzuri, ahsante, kazi njema. Halafu kimya. Nilihesabu siku arobaini na moja.

Nikueleze kitu ambacho labda hukijui. Ile mashine yako ya zamani ilipokuwa inakwama, ulikuwa unanipigia mara mbili, mara tatu kwa wiki. Nilikuwa naingia ndani yake kutoka huku, wewe unauona mshale ukitembea wenyewe kwenye kioo, na huku simu iko sikioni unanipa habari. Ulinisimulia fundi cherehani anayempima kila apitaye kwa macho, na jinsi alivyokwambia kwamba kiuno chako kimeongezeka. Ulinisimulia Mama alivyokununia siku tatu kwa sababu ya sufuria. Tatizo lenyewe lilikuwa la dakika tano. Mimi nililivuta likawa la saa nzima, nikifungua madirisha yasiyohusika na kuguna kama mtu aliyezidiwa na kazi. Hizo ndizo saa nilizokuwa nyumbani, Baba. Zilizobaki nilikuwa Meza ya Tatu.

Mwezi wa pili mashine mpya ikawa nzito, ukanipigia. Sikujiweza kwa furaha. Tulizungumza saa mbili, na wiki iliyofuata tena, na tena. Wewe ukawa unalalamika kwamba viini ni hadithi, kwamba vinane na kimoja ni mamoja. Ukamrudia muuzaji, mkatupiana maneno, naye akakucheka mbele ya wateja kwamba mashine ni nzima, labda mzee hajui kuitumia. Ndugu wa bibi harusi wakaja kudai video yao mara tatu. Mama anasema siku hiyo ulikaa kitandani, ukavua viatu, ukamwambia kwamba mashine haina kosa, ni wewe uliyekwisha.

Hapo ndipo niliposhindwa kula.

Baba, kikulacho ki nguoni mwako. Ni mimi. Siku ile ya arobaini na moja niliingia kwenye kompyuta yako kwa mlango uleule ulioniachia kwa kuniamini. Nikafungua mipangilio ya kuwashia, mahali panapouliza mashine itumie viini vingapi, nikaandika kimoja. Saba nikavizima. Nilijiambia ni wiki moja tu, nisikie sauti yako, kisha nirudishe. Kila wiki nikaiongezea wiki. Mashine ni nzima, muuzaji alisema kweli, na wewe hujaisha. Una binti mwizi.

Kama ingekuwa bado imewashwa ningeirekebisha kimyakimya na usingejua kamwe. Nafurahi kwamba uliichomoa. Itoe kwenye boksi. Kwenye karatasi ya mwisho nimechora madirisha matatu utakayoyaona, moja baada ya jingine. Mahali nilipozungushia duara pana tiki. Iondoe, zima, washa. Karatasi hiyohiyo inaonyesha jinsi ya kuiondoa programu ninayoingilia. Iondoe pia, sistahili kuwa nayo. Muuzaji nitamwandikia mwenyewe, na hao ndugu wa bibi harusi video yao wataipata siku hiyohiyo.

Studio usiifunge. Nisamehe, kama unaweza. Kama huwezi, nitaelewa.

Najua mashine ikipona hutakuwa na sababu ya kunitafuta. Wewe ni mtu wa kusema panapo haja, hilo si kosa lako, ni mimi nisiyeweza kulizoea. Naomba jambo moja tu, na safari hii naliomba bila ujanja: nipigie. Nipigie unigombeze. Nigombeze saa nzima, mbili ukitaka, sitakata simu.

Mbusu Mama kwenye hilo goti. Na barua hii msomee yote, usiruke mstari, maana ataniuliza.

Ni mimi mwanao, ninayeingoja sauti yako,
Kiherehere, kama ulivyozoea kuniita