Bangili ya Mtoto wa Asha

Mwanza, Jumamosi jioni, mwaka wetu wa Uhuru

Mume wangu huyu! Mdogo wangu Asha kajifungua mtoto wa kike kule Kamanga, mimi nahangaika kutafuta zawadi nzuri ya kudumu, yeye anasema, "Mpelekee mbuzi. Mbuzi anazaa."

"Mbuzi havaliwi," nikamjibu, nikaenda zangu kwa sonara.

Nikachagua bangili ya fedha, nyembamba, yenye nakshi za mawimbi. Sonara akacheka. "Mama, hii ni ya msichana wa shule! Kichanga ataivaa kiunoni?" Nikamwambia anifungie hiyo hiyo.

Lakini kwenye kivuko nikaingiwa na hofu. Asha amezika watoto wawili kabla ya huyu. Watu wamempelekea vikofia na soksi, vitu vya leo tu, maana hakuna anayethubutu kumtajia kesho. Na mimi mjuaji nimebeba bangili ya binti mkubwa!

Asha aliipokea, akaigeuzageuza. Nikaanza kubabaika kwamba sonara anaweza kuipunguza, au tuibadilishe, au...

Akaivaa mkononi mwake mwenyewe.

"Namshikia tu," akasema. "Akikua atanidai. Tena kwa ubishi, kama mama yake mkubwa."

Akikua! Sijamsikia akilitamka neno hilo tangu msiba wa kwanza.

Nimevuka ziwa kurudi nyumbani nikicheka peke yangu, mpaka abiria wenzangu wakajitenga nami kidogo.