Sega la Shaba Lililokatwa Segera

Kaka Hamza,

Sega langu la shaba, kile kichujio cha vitundu nilichokitengeneza kisafishe moshi wa dizeli, limepotea. Lilikatwa kwenye bomba la moshi la lori letu, pale Segera, Jumamosi iliyopita, na wewe umesimama unatazama. Hilo kwanza. Sasa shikamoo, kaka. Mguu wa Mama unaendeleaje? Mahindi ya Mashewa yamebeba? Mimi ni mzima, baridi ya Ujerumani nimeshaizoea. Kinachonikosesha usingizi ni hasira.

Habari nimeipata kwa Mama, tena anacheka kwenye simu: "Kaka yako bingwa! Yale maji ya urea ya kusafishia moshi yalipoisha kajipikia mwenyewe. Mbolea ya kukuzia, maji ya kisima, kakoroga na mwiko wangu wa ugali!" Lori likafika njia panda likakosa nguvu. Fundi akakwambia, "Bosi, hiki kidude kinaibana injini kama kibwebwe, tukitoe." Nawe ukasema toa!

Kaka, urea ni urea, hapo hukukosea. Ikipata joto la bomba inatoa amonia, na amonia ikikutana na gesi chafu ya dizeli juu ya shaba yangu, vyote vinageuka hewa ya kawaida na mvuke. Lakini mbolea ina uchafu wake, na maji ya kisima chetu unayajua, sufuria inavyoshika ukoko mweupe. Ukoko huohuo ndio umeziba vitundu vya sega na kuifunika shaba. Madumu ya maji ya urea yaliyo safi nilikuachia. Yalipoisha ulishindwa nini kusema?

Shaba ile nimeipima upya mara kumi na moja. Ikizidi kidogo inaunguza amonia bure, ikipungua gesi inapita. Huku maabara ilikuwa inasafisha sehemu tisa katika kumi za gesi hiyo. Nilipoomba ijaribiwe kwenye vumbi letu la Handeni, wenzangu wa maabara walicheka: "Huko kwenu nani atakumbuka kujaza hayo maji?" Nikawajibu, kaka yangu.

Ijumaa tuna kikao cha kuamua kama utafiti wangu uendelee. Sega likiwepo, hata kama limekufa, watasubiri lifike, nitalipasua niwaonyeshe ukoko. Lisipokuwepo wataandika shaba yangu imeshindwa barabarani, na kazi yangu inafungwa. Na Jumapili ukaniandikia, "Lori linachapa kazi." Bila aibu!

Msalimie wifi. Barua hii nimemtumia yeye akusomee, maana simu zangu hupokei. Mpe Mama shikamoo, na mwiko ule asisongee tena. Mjomba fundi cherehani wa Bungu mwambie koti lake ndilo linalonisitiri huku.

Kisha nenda Segera mwenyewe, usitume mtu. Kabla ya adhuhuri ya Alhamisi nataka jibu: sega lipo kwa fundi, au limeshauzwa kwenye vyuma chakavu? Lipo, au halipo. Pole zako sizitaki.

Mdogo wako,
Zaina