Neno la Siri la Mashine Arobaini

Mdogo wangu wa tumbo moja,

Nakusalimu wewe, shemeji na watoto. Goti lako limepoa? Mimi mwili mzima, ila moyo unachemka. Najua utaniambia hasira hasara, niambie baadaye.

Unajua mwanao ndiye fundi wa kompyuta wa chuo kizima, mashine arobaini, peke yake. Sisemi kwa sababu nimemzaa, waulize. Basi zile mashine hujikagua zenyewe kila asubuhi kama programu zake zimepitwa na wakati. Zikikuta toleo jipya, kinatokea kisanduku kinachoomba neno la siri la msimamizi. Msimamizi ni mwanangu. Kila Ijumaa alipita meza kwa meza, akahakikisha toleo limetoka kwa watengenezaji wenyewe, ndipo akaruhusu.

Karani wa usajili, yule wa kucha ndefu, akawa ananuna. Eti kisanduku kinamkera, kwani yeye ni mtoto mdogo wa kuombewa ruhusa? Mwanangu alimbembeleza kwa heshima zote, avumilie hadi Ijumaa.

Jumanne kikatokea kisanduku cha uongo, kimejifanya kile cha kweli. Karani akakiruhusu mwenyewe. Kufika saa nne, kumbukumbu za wanafunzi zote zimefungwa na wezi wa mtandaoni, hazisomeki. Mkuu wa chuo akamfokea mwanangu mbele za watu, kwamba neno la siri analijua yeye tu, kwa hiyo ameliuza. Ameliuza! Mtoto ambaye hata sindano ya jirani hajawahi kuichukua! Na karani yuko pale pale, anatazama kucha. Wamemsimamisha kazi, huku nakala alizohifadhi pembeni ndizo zinazowaokoa. Hawana haya! Jumatatu kikao kinaamua kama wamfukuze.

Sasa kaa chini ndipo usome. Neno lenyewe lilikuwa jina langu la utani na mwaka niliozaliwa. Aliniambia hapa nyumbani, tunacheka, akaniapisha nisimtajie mtu. Mwezi uliopita nikampelekea miwani aliyoisahau, nikamsubiri kwenye benchi la usajili. Karani akaanza kumsifia. Mimi na sifa za mwanangu, unanijua. Nikamwambia mashine zote za humu zinafunguka kwa jina langu la utani, nikalitaja. Na mwaka nikamtajia, aone nisivyozeeka. Zaidi yake sikumwambia mtu, ndiyo maana najua ni yeye.

Namlaani karani tangu Jumanne, lakini wa kuchapwa bakora ni mimi. Jana mwanangu aliniuliza, mara moja tu, kama niliwahi kumwambia mtu. Nikakana. Nikamgombeza hata, vipi anamshuku mama yake. Akaniomba radhi, mdogo wangu. Akapiga na magoti.

Jumatatu nitaingia kwenye kikao chao, wapende wasipende, niseme mbele ya mkuu na karani. Hao siwaogopi. Ninayemwogopa ni mwanangu. Njoo Jumapili asubuhi. Usinisemee neno, keti tu karibu yangu hadi nimalize kumwambia.

Wabusu watoto, na shemeji mwambie namheshimu.

Ni mimi dada yako, mwenye mdomo.