Samaki wa Babu Wapigwe Tena

Mjukuu wangu, mke mwenzangu,

Nimerudi kuchukua shuka, naenda tena hospitali. Chakula kiko jikoni, kipashe moto.

Mume wetu anaomba picha nyingine za tangi lake la samaki. Zima pampu kwanza, maji yatulie, samaki wasitoke pichani kama moshi. Punguza ile taa ya bluu. Anasema matumbawe yake umeyamwagia wino. Futa kioo. Taa ya sebuleni uizime, usije ukanipiga na mimi tena.

Maana jana ulinipiga picha bila kujua. Leo asubuhi nimempa simu aione, akaivuta picha kwa vidole ikawa kubwa. Nikadhani anamtafuta yule samaki wake wa manjano. Kumbe ananiona mimi kwenye kioo cha tangi, nimekaa mezani nafuta machozi. Na mimi kila siku namwambia nyumbani hatujambo, daktari kasema utarudi. Daktari hajasema hivyo, mwanangu.

"Kumbe na wewe unajua," akaniambia. Hakunigombeza. Alinishika mkono tu, mpaka muuguzi alipokuja na dawa.

Usijilaumu. Kila jioni unatoka kazini umechoka, na bado unapiga magoti mbele ya lile tangi kwa ajili yake. Nakuona.

~~Ile picha ya jana ifute.~~

Usiifute. Amesema samaki wapigwe tena, lakini ile ya jana aachiwe.

Bibi yako