Wa Chini Kabisa Kwenye Bango

Kwako dada,

Sisi hatujambo. Inayougua ni ile cherehani kubwa tu. Mama anasema itatuzika sote.

Bango la tamasha limebandikwa ukutani mwa duka letu, na tangu hapo wateja hawana lingine ila kubishana nani atawafunika wenzake. Kinyozi wa jirani anaapa ni yule mwenye miwani. "Yule anapiga kelele tu," shangazi anamjibu, "mwimbaji ni huyu mama mwenye kilemba." Wewe uko chini kabisa, pembeni, picha ndogo kama stempu. Juzi kinyozi akainyooshea kidole picha yako: "Na huyu kawekwa kujaza nafasi."

Baba alikuwa anakata koti la bwana harusi. Unajua hajakutaja tangu ulipoondoka na bendi, na akishika mkasi huwa hazungumzi kabisa. Hakuinua hata kichwa. Alisema, "Huyo akifungua kinywa, hao wengine watatafuta pa kujificha." Kisha akaendelea kukata. Jioni tukakuta amekata mikono miwili ya koti, yote ya kushoto.



Jumamosi ya tamasha anafunga duka, yeye ambaye hata akiwa na homa hufungua. Ati anakwenda kununua uzi. Uzi tunao kabati zima. Ukimwona katikati ya watu, usimwite, dada. Wewe imba tu.

Ni mimi mdogo wako, mshona vifungo.